Meno Mawili ya Bimdogo

Mwaka uliofuata Uhuru, kila alasiri Mwanaesha alipita vichochoro vya Kibokoni kwenda madrasa huku akijiimbia kasida. Jino lake la mbele lilikuwa na tundu, na kila alipotamka "s" ulitoka mluzi. Paka wa mtaa walimfuata kwa heshima kubwa.

"Maulidi ni Alhamisi," Maalim Sheikhan alimwambia Mwanaesha. "Mluzi huo usipokoma, mwanangu, kasida ataiongoza mwenzako Mwanakuu."

Jino lilikuwa limeshazibwa mara moja. Lakini mashine ya kuchimbia ilipoanza kulia, Mwanaesha alifumba mdomo kama chaza. Ikabidi Daktari Seth abandike saruji ya meno juu ya uozo bila kuuchimba, akamwonya kwamba haitakaa. Kweli haikukaa. Aliimeza pamoja na kashata.

Sasa alirudi na mdogo wake, Bimdogo.

"Daktari, leo nitilie gundi kali zaidi."

"Gundi haina kosa."

"Kosa ni la nini, basi?"

Daktari alilichungulia lile tundu. Bimdogo naye akatoa mfukoni hazina yake: meno mawili ya utoto yaliyomtoka, moja zima, moja limeoza. Yalipaswa kutupwa juu ya paa, kama ilivyo desturi, lakini yeye alikuwa bado anayaonyesha mtaani kwa malipo ya ubuyu.

"Niazime hayo," alisema daktari.

"Utayarudisha? Paa linayangoja."

Daktari aliyakwaruza kidogo, akayakausha, akakoroga saruji juu ya kioo na kubandika tone kwenye kila jino. Wakangoja igande.

"Haya, bandua."

Kwenye jino zima, kilichovunjika ni ukucha wa Mwanaesha. Kwenye jino bovu, tone lilitoka mara moja. Akaligeuza. Chini yake paliganda chembe laini za kahawia.

"Kumbe imeshika!" alisema polepole. "Imeshika uozo. Uozo ndio ulioachia jino."

Akakaa kitini, akafungua mdomo. Mashine ililia. Machozi yalimtoka na miguu ikapiga hewa mateke, lakini mdomo hakuufumba.

Alhamisi kasida ilitoka safi, na paka wakaondoka wamevunjika moyo. Maalim aliposikia kisa chote, aliwageukia wanafunzi.

"Mmesikia? Ubovu haufunikwi. Unaondolewa kwanza, hata ukiuma, ndipo tengenezo likae."

Jioni hiyo Bimdogo alirusha meno yake. Lile lenye nundu ya saruji liligonga mabati kwa kishindo, na bibi akatoka kuuliza nani anawarushia mawe.