Viganja Sakafuni

Boke ni rafiki yangu, na ukimwambia alikuwa anaota, anainuka na kukuacha hapo hapo.

Yeye na mumewe, Jackson, walitafuta chumba Tarime mjini mpaka wakachoka. Kila kodi iliwashinda, na mtoto wao alikuwa hajaanza hata kutambaa. Mwishowe wakapata nyumba ya udongo kule Matongo, karibu na machimbo ya dhahabu, kwa kodi ya kuchekesha.

"Shikamoo, mama," Boke alimsalimia mwenye nyumba.

Yule mama akasogea karibu. Alimkazia mtoto macho. "Ananyonya bado?"

"Ananyonya."

"Basi ingieni. Asiye na mtoto simpangishi."

Chumba cha ndani hakikuwa na dirisha. Boke aliisiriba sakafu yake kwa kinyesi cha ng'ombe akipapasa gizani, na chini yake kukagongwa: ko, ko, ko.

"Wachimba dhahabu hao," Jackson akacheka. "Mashimo yao yanafika mpaka huku."

Mtoto akalia. Boke akakaa sebuleni kumnyonyesha, na mara kule ndani kugonga kukakoma. Ikasikika sauti ya kunyonya, polepole, ikifuatana na ya mwanawe.

Akaingia na tochi ya simu. Sakafu mbichi ilijaa viganja vya mtoto mchanga. Havikuwa vimebonyea. Vilikuwa vimevimba, kama vimesukumwa kutoka chini.

Hadi leo wanaishi mle, maana kwingine hawamudu. Boke husiriba kila asubuhi. Mwanawe amekonda, shingo haikai. Viganja vya sakafuni vinazidi kunenepa.