Kifuu chenye Matundu Mawili

Habari hii nilipewa na Bi Mwanapili, mjane wa Koplo Mbarouk, mwaka mmoja wa karafuu nyingi, tulipokuwa tukichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, uani kwake, Wete. Mumewe alikuwa mtu wa kunyamaza kazini na kusema nyumbani, kwa hivyo alichokijua yeye, Bi Mwanapili alikijua. Naandika kama alivyonambia.

Jumatano tarehe nane Juni, mwaka elfu moja mia tisa na sitini, siku chache baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, mpunga wa Mgogoni ulikuwa umeanza kupiga manjano. Saa tatu ya asubuhi Moza alichukua uji akampelekea mumewe Jaribu bondeni, kwenye dungu, ulingo wa fito alipokuwa akiamia ndege wasile mpunga. Alimkuta kalala kifudifudi karibu na mfereji wa maji, mkono mmoja mbele. Alipomgeuza akaona jicho la kulia limejaa damu. Pumzi haimo. Bunduki yake mpya ya upepo, aliyoinunua kwa ajili ya ndege, haikuwapo.

Koplo Mbarouk alifika saa tano na nusu. Akaandika katika kidaftari chake kwamba damu ya kwanza ilikuwa chini ya ngazi ya dungu, na kwamba kutoka hapo hadi mfereji palikuwa na hatua kumi na tano, na matope yote yamekwanguliwa kwa magoti na viwiko. Maana yake Jaribu hakufa pale pale. Alitambaa, na alitambaa kwenda majini. Pembeni mwa ngazi, kimefunikwa nusu na mpunga uliolala, palikuwa na kifuu cha nazi chenye matundu mawili na uzi. Akakitia mfukoni.

Kifuu cha namna hiyo Pemba nzima ilikijua. Fundi Soud wa Wete, aliyekuwa akitengeneza bunduki za upepo tangu zamani, hakuuza bunduki bila ya kuipiga kwenye kifuu hatua ishirini. Risasi ikipita, mnunuzi anafungiwa kifuu chake kwa uzi anakwenda nacho. Isipopita, bunduki inarudi mezani. Watu walivitundika vifuu vile mlangoni kama hirizi.

Kabla ya saa kumi daktari alitoa jichoni kipande cha msumari kilichokatwa kichwa, urefu wa pingili ya kidole. Saa kumi na moja Masika alikuwa ndani.

Masika ni jirani wa bonde. Kila Jaribu alipofyatua bunduki, minana, ndege wala mpunga, iliruka mpungani mwake ikatua mpungani mwa Masika, na ugomvi wao ulikuwa wa kila siku. Jumatatu, kisimani, mbele ya watu kumi, Masika alisema kuwa bunduki ile itamuua Jaribu. Na yeye mwenyewe alikuwa na bunduki ya Fundi Soud, ya miaka kumi na mitano. Mkubwa wa kituo akasema kesi imekwisha: mtu kakosa risasi, katia msumari, kampiga mwenzake, kaiba na bunduki. Meli ya kwenda Unguja inaondoka Jumatano ijayo, na Masika atapanda. Huko iko mahakama kubwa, na iko kamba.

Alhamisi asubuhi koplo alikaa naye.

"Kwa nini ulisema bunduki itamuua?"

"Kwa sababu ilikuwa ikinuka, afande. Yangu mie hainuki kitu ila ngozi. Ya Jaribu ikipigwa inatoa moshi, kisha harufu kama mtu katia dawa ya jino."

"Watu wanasema ulikusudia kumtisha."

"Ningetaka kumtisha ningemwambia mkewe kapika bada la muhogo limeungua. Yule haogopi bunduki, anaogopa njaa." Kisha akauliza: "Mpunga wangu nani anaamia?"

Koplo akasema hajui.

"Mie sina mtu," akasema Masika. "Nikikaa humu wiki moja, hata mkinitoa mmenitoa bure."

Koplo akaichukua bunduki ya Masika, akaikunja kwenye kiungo chake, akajaribu kukitia kile kipande cha msumari mtutuni. Hakikuingia. Msumari ulikuwa mnene kuliko tundu. Alikitazama na kifuu kilichokuwa kimetundikwa mlangoni kwa Masika: tundu moja, safi, kingo nyeupe. Kile cha bondeni kilikuwa na kingo za hudhurungi, kama zimepitiwa na moto. Aliyapeleka haya kwa mkubwa wake, akajibiwa kwamba misumari iko ya kila namna na bunduki ziko nyingi.

Ijumaa baada ya sala alikwenda karakana. Fundi Soud alikuwa kakaa kizingitini, kofia imeshuka usoni, anapapasa springi kwa vidole. Aliyesimama kazini alikuwa mpwa wake Hija, kijana mwenye maneno. Koplo alimkumbuka Soud wa zamani: kitako cha bunduki mti wa mfenesi, kikombe cha ndani cha kuzuia upepo ngozi ya mbuzi iliyorowekwa mafuta siku saba, bunduki mbili kwa mwezi. Sasa bunduki zilipangwa ukutani kama kanga dukani, vitako vya msufi vimepakwa rangi nyekundu.

Hija hakuficha. Alieleza kwamba wakulima wananunua bunduki moja wanakaa nayo mpaka wajukuu, lakini vijana wa sikukuu wanataka ya kupendeza, na wanataka leo. Ngozi inachelewa, basi yeye anakata mpira wa baiskeli. Mfenesi mzito, msufi mwepesi. Thelathini kwa mwezi.

"Na nyuma, pale springi inaposukumia, mnafungaje?"

"Kwa skrubu. Kama siku zote."

"Fungua moja."

Hija akatwaa bunduki nyekundu, akaifungua kitako. Kizibo cha nyuma hakikuwa na meno ya skrubu hata kidogo. Kilishikwa na msumari mmoja, umekatwa kichwa. Koplo akakiweka kile kipande cha daktari kando yake. Ndugu wa tumbo moja.

Hija akaduwaa. Akasema kazi ya nyuma haifanyi yeye. Koplo hakumwamini, akamuuliza Jumatano alikuwa wapi. Hija akajibu Chake Chake, tangu Jumanne, kapeleka bunduki kumi na mbili. Mzee pale kizingitini hakuinua uso.

Basi sasa ilijulikana kilichomuua Jaribu. Bunduki yake mwenyewe iliachia nyuma, na msumari ukamwingia jichoni. Lakini bunduki haiondoki yenyewe kwa miguu. Aliyeiondoa alikuwapo, alimwona mtu akitambaa, na sasa anamwacha mwengine aende kwenye kamba.

Jumamosi koplo alikwenda Chake Chake. Watu wanane walimwona Hija, na mmoja alilala chumba kimoja naye akalalamikia mikoromo yake. Hija akatoka katika hesabu.

Akabaki Bi Mwanamize. Huyu alikuwa akikata vikombe vya ngozi kwa Fundi Soud miaka ishirini, na mpira ulipoingia aliambiwa asije tena. Alisema sokoni karakana ile itafungwa kwa msiba. Jumapili saa nne koplo alimkuta anashona kawa. Bibi akamjibu kwamba maneno yake yale hayakuwa apizo, yalikuwa hesabu: mpira hauzuii upepo kama ngozi, na bunduki isiyozuia upepo haitoboi kifuu.

"Lakini zinatoboa," akasema koplo, akampa kile cha bondeni.

Bi Mwanamize akakinusa. Akakinusa tena.

"Mafuta ya makonyo ya karafuu," akasema. "Matone mawili ndani ya bomba, springi ikipiga yanashika moto. Bunduki dhaifu inapiga kama ya askari. Siku mbili tatu. Kisha inarudi udhaifu wake."

"Nani anajua haya?"

"Anajua anayejua springi."

"Kifuu hupigwa mara ngapi, bibi?"

"Mara moja. Labda mnunuzi alalamike. Hapo fundi huenda mwenyewe mpaka shambani kwake, akakitoboa tena kile kile mbele ya macho yake. Ndiyo ahadi aliyoiweka tangu mwanzo."

"Fundi yupi?"

Bi Mwanamize akaukunja ukili wake, akauweka. "Koplo mwanangu," akasema, "vifuu vinatobolewa na mtu mmoja tu."

Jumatatu koplo alimuuliza utingo wa gari ya Konde, inayokwenda upande wa Mgogoni. Akakumbuka kwamba Jumatano alipanda mzee gari ya kwanza kwenda, mikono mitupu, akarudi saa mbili na nusu kashika mkeka umekunjwa. Hakumkumbuka zaidi, ila alipomsaidia kushuka aliona mboni zake nyeupe kama tui.

Saa kumi ya jioni koplo aliingia karakana. Hija alikuwapo, na Bi Mwanamize aliitwa. Kifuu kiliwekwa mezani. Fundi Soud akakipapasa, akahesabu matundu kwa kidole gumba.

"Nilikisahau hiki," akasema. "Sikukiona. Kaa kitako, koplo. Nakungojea tangu Jumatano."

Alieleza taratibu, kama anaeleza kazi. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimwingia miaka mitatu nyuma. Meno ya skrubu hayakatwi kwa kupapasa, akaharibu vizibo vingi, akavitupa chooni Hija asivione. Msumari unaweza kupigwa na kipofu. Akasema moyoni ni kwa mwezi mmoja tu, mpaka macho yatulie. Kisha mpira ukaingia, vifuu vikakataa kutoboka, naye hakuweza kumwambia Hija kwamba mpira ndio unaoharibu, kwa sababu Hija angemwambia labda kosa ni la nyuma, kata skrubu mpya basi tuone. Akaleta mafuta.

"Ungenambia, mjomba," akasema Hija.

"Ungenisikiliza?"

Hija akazitazama zile nyekundu ukutani.

Jaribu alilalamika bunduki imelegea. Mzee akenda kama ahadi yake ilivyo. "Nikatia matone. Kwa macho haya nadhani manne, labda saba. Nikapiga mie, nimelenga doa jeusi tu ninaloliona, kifuu kikatoboka. Jaribu akafurahi, akasema, ahaa, hii sasa ndiyo bunduki ya Soud. Akatia risasi, akaelekeza kwa mnana. Nikasikia mlio, kisha nikamsikia kaanguka."

"Alikuwa hai?"

"Aliniomba maji."

Koplo akaliandika neno hilo katika kidaftari chake.

"Mfereji nilikuwa naujua kwa sauti," akasema mzee. "Nikapapasa bunduki kwanza, kwa sababu ina jina langu. Nilipoipata nikasikia mtu anaimba njiani, mbali. Nikaikunja kwenye mkeka wa dunguni nikaondoka. Bado alikuwa akiomba."

"Na Masika?"

"Nilisema watamwachia. Kisha nikaona hawamwachii. Nikasema mie mzee, siku zangu chache, basi labda nitangulie kufa kabla ya hiyo meli, nisiyasikie."

Bunduki ilitolewa chini ya kitanda chake. Nyuma wazi, kitako kimepasuka, na juu ya bomba jina SOUD limegongwa kwa mkono uliotetemeka. Bi Mwanamize alitoka bila kuaga. Hija akaanza kuzishusha zile nyekundu ukutani, moja moja, akazilaza sakafuni.

Zilizokwisha kuuzwa zilikuwa mia mbili na zaidi, mpaka Pujini, mpaka Fundo. Koplo alizunguka siku nyingi kuwaambia watu wasizipige. Wengi walimwonesha kifuu mlangoni. Wakamuuliza itakuwaje bunduki iwe mbovu na kifuu kimetoboka.

Fundi Soud alipanda meli ya Jumatano, mahali pa Masika. Mwaka haukwisha akafa huko.

Masika aliachiwa Jumanne saa nne. Bunduki yake nzuri ilizuiliwa iwe ushahidi, na haikurudi. Alipanda gari mpaka Konde, akamaliza kwa miguu. Watu waliomwona waliitikia salamu yake na hawakusimama. Moza, aliyekuwa edani, alifunga mlango alipopita. Alikwisha ambiwa ukweli, lakini wiki nzima alikuwa amemchukia mtu huyu na chuki haikujua pa kwenda.

Bondeni mpunga wake ulikuwa umesimama, nao ni majani. Masuke yamekwanguliwa, makapi yamejaa chini kama vumbi la msumeno. Upande wa mfereji tu palibaki kipande kidogo chenye punje, na minana imekijaa.

Masika alipanda dungu lake. Akapiga makofi mara moja. Ndege wakaruka wote kwa pamoja, wakazunguka, wakatua pale pale. Hakupiga tena. Alijinyoosha juu ya fito, akajifunika kofia usoni kwa ajili ya jua, akawasikiliza wakila. Haikupita muda akalala.