Barua ya Mama Kwenda Kiwandani

Mama yake Kamusi aliacha kazi kwa barua, na mwenyewe hakuwa na habari. Jumatano aliporudi kiwandani, baada ya kumuuguza dada yake siku tano, alikuta mtu mwingine amekaa kwenye cherehani yake.

"Si uliaga mwenyewe?" msimamizi akamwambia. "Na Kiingereza chako kilinyooka kweli."

Barua aliiandika Kamusi, binti yake wa darasa la sita. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kila neno la Kiingereza alidai analijua. Ofisi ya kiwanda ilipokea barua za Kiingereza tu, basi mama akamwambia, "Niombee ruhusa ya siku tano," akaenda kufunga mzigo. Kamusi akafungua kitabu cha mifano ya barua, akachagua iliyopendeza kuliko zote. Ilianza hivi: "I am leaving the company." Neno la kuondoka alilijua. Yaliyofuata hayakumwingia.

Kaka yake alikuwa palepale akipiga pasi shati. "Unaelewa unachonakili?"

"Kwani mimi ni wa kufundishwa na wewe?"

"Haya, mzungu."

Sasa mama alikaa kitandani, viatu vya kazi bado miguuni. Hakumgombeza. Hilo ndilo lililomkata Kamusi maini.

Asubuhi alimpelekea mwalimu wa Kiingereza kile kitabu. Mwalimu akasoma, akavua miwani. "Hivi ndivyo anavyoaga mtu asiyerudi tena. Anayetoka kwa muda huandika 'I will be away', kisha anataja siku ya kurudi. Ulielewa ulipoandika?"

"Nusu, mwalimu."

"Nusu ipi?"

Kamusi akainamisha kichwa. "Neno moja."

Waliandika barua mpya pamoja. Mchana Kamusi akaipeleka kiwandani mwenyewe, akaeleza kila kitu bila kuficha. Msimamizi akaisoma mara mbili.

"Cherehani yake siwezi kumnyang'anya mwenzake. Zamu za wiki hii zimeshapangwa. Aje Jumatatu, akae kwenye mashine ya vifungo."

Jioni mama alifua sare yake huku akiimba taratibu. "Usipojua, uliza, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuamini kwa sababu ulisema unajua."

Swali moja ambalo Kamusi hakuliuliza lilimgharimu mama siku nne za kazi, na cherehani aliyoizoea kwa miaka tisa.