Deki ya Mwendo Mara Mbili

Saa 2:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha karakana ya Fundi kilinuka spiriti na risasi ya kuchomelea. Kiberiti alichora nyumba kwenye boksi la viatu. Geti. Sebule. Ngazi. Chumba cha juu.

"Daktari wa meno anatoka saa tatu. Anarudi saa tano kamili kunywa chai, hakosi. Tunaingia saa nne, sisi ni wasafisha mazulia. Mlinzi ananijua. Wiki iliyopita nimesugua zulia la sebuleni kwelikweli, mgongo hadi leo unaniuma."

Wezi watatu, na hakuna aliyelala vizuri. Wizi wa uzeeni ni shuruba tupu.

"Juu kuna deki kumi na moja za kaseti. Tunabeba nne. Fundi atachagua."

"Moja ni yangu," Fundi akasema.

"Si tumeshaongea?"

"Rudia."

Kiberiti akashusha pumzi. "Ile yenye ubavu wa mbao ni yako. Haya, umeridhika?"

Deki hiyo Fundi aliiuza mwenyewe, mkewe alipolazwa. Mkewe hakurudi. Ilikuwa deki ya aina yake: iliendesha mkanda kwa mwendo mara mbili ya nyingine. Kaseti iliyorekodiwa humo, ukiiweka kwenye deki ya kawaida, sauti inavutika, nzito, ya kilevi. Na sauti ya mkewe ilikuwa kwenye kaseti moja tu. Miaka sita Fundi anamsikiliza mkewe akibwabwaja kama katoka kilabuni. Inauma, asikwambie mtu.

Mbeba mizigo wao alikuwa Shemeji, mdogo wa marehemu mke wa Fundi. Magoti yalishamwishia, lakini aliitwa, akaja.

Saa 4:12

Mlinzi alifungua geti huku anapiga miayo. Wakapanda na mazulia mawili ya kufungia mali.

Deki zilipangwa kwenye rafu za vioo, zinang'aa utadhani zimetoka kiwandani jana. Mtu mwingine angetazama taa na vitufe. Fundi alifungua vijimlango, akamulika hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, kwa tochi. Hedi iliyofanya kazi huwa na kijifereji, mkanda umeila taratibu. Hizi zilikuwa laini kama kucha. Akafungua mfuniko wa moja: mpira wa kuzungusha umeyeyuka, umekuwa lami.

"Huyu bwana hapigi kaseti hata siku moja," akanong'ona. "Anazifuta vumbi tu. Mungu wangu!"

"Chagua, tuondoke," Kiberiti akasema. "Na ile ya mbao ina mnunuzi. Safari yote hii ni kwa ajili yake."

"Uliniambia ni yangu."

"Nilikuambia ili uje."

Fundi alichoka hata kukasirika. Akanyoosha kidole: hiyo, hiyo na hiyo. Tatu zenye taa nyingi kuliko zote, na ndani yake lami tupu.

"Ndiyo maana nakupenda," Kiberiti akasema, akaanza kufunga zulia.

Saa 4:38

Tatu zilikuwa garini. Kiberiti alirudi juu kuchukua ya nne, Shemeji nyuma yake, akakuta imechomekwa kwenye umeme.

"Unafanya nini wewe?"

"Naipima. Deki haitoki mkononi mwangu sijaisikiliza." Fundi akatoa kaseti kwenye mfuko wa shati. "Sitaipata tena, si ndiyo? Basi niache."

"Tumebakiwa na dakika ishirini tu!"

Akabonyeza. Mpira aliouweka mwenyewe zamani ukashika. Ukapita mvumo kidogo, halafu mwanamke akaongea, upesi, mkali, mzima kabisa.

"Nani kaweka skrubu kwenye kopo la sukari? Wewe mume wangu, siku moja utatunywesha chai ya vyuma! Na hicho kidude kinarekodi nini? Zima!"

Kiberiti akanyoosha mkono kwenye waya. Shemeji akamzuia kifuani, kwa kiganja.

"Ngoja. Huyo ni dada."

"Mmerogwa? Tutafungwa!"

"Nenda basi," Shemeji akasema. "Mimi magoti yanauma."

Kiberiti alitazama saa, akatazama deki, akawatukana wote wawili pamoja na ukoo wao. Akashuka ngazi mbiombio. Gari likasikika likitoka getini na deki zake tatu mbovu.

"Na mdogo wangu akija," sauti ikaendelea, "mwambie avue viatu mlangoni. Nyumba yangu si zizi."

Shemeji akatazama zulia la daktari. Alama za tope zilitoka mlangoni hadi alipokuwa. Akainama kwa shida, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga ukutani. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Saa 5:00

Daktari wa meno alisimama mlangoni, funguo mkononi, mlinzi nyuma yake anahema. Aliona rafu zenye mapengo. Aliona wazee wawili wamekaa chini, mmoja na soksi zilizotoboka. Lakini alikuwa anaitazama deki.

"Kumbe inafanya kazi?" akauliza.

Fundi akainua kidole bila kugeuka.

"Piga simu polisi, daktari, ni haki yako. Ila kapigie nje, tafadhali. Hapa anakaribia kucheka."

Daktari akasita. Akatoka, akaurudisha mlango taratibu.