Maji ya Kulinganishia

Jua lilikuwa linazama Mpima Maji alipoegesha pikipiki yake kando ya kijito na kushusha boksi la chupa. Kazi ya kawaida kabisa. Ameifanya miaka na miaka, mpaka watu wamesahau jina alilopewa na wazazi wake. Lakini jioni ile hakuwa anaipimia ofisi. Alikuwa anampimia mwanawe.

Binti yake wa pekee, waliyemwita Kibibi kwa maneno yake ya kiutu uzima, alikuwa hoi nyumbani. Mgodi wa makaa ya mawe ulifungulia maji ya mashimoni yakaingia kijitoni siku watoto wakicheza humo, naye akanywa. Tangu hapo kila tone alilopewa alilitapika. Ya kuchemsha, anatapika. Ya dukani, anatapika. Daktari hakumficha baba mtu.

"Niletee majibu ya maji hayo. Nikijua kilichomo, nitajua pa kuanzia. Ila asipokubali maji leo, mzee... sitakudanganya."

Kijito kilikuwa na rangi ya kutu. Hakuna chura aliyelia. Harufu ya mayai viza ilimkaba koo.

Aliingia mpaka magotini, uso ukielekea maji yanakotoka, ili tope analolitibua lisiingie chupani. Akasuuza chupa kwa maji ya kijito chenyewe, akajaza, akafunga. Ikabaki moja, ile ya kulinganishia. Hiyo huja na maji safi kabisa ya maabara. Hufunguliwa palepale kando ya kijito, ivute hewa ya mahali, halafu hufungwa. Maji yake yakikutwa na uchafu, wanajua umetoka hewani au mikononi mwa mpimaji. Akafungua kizibo, akaiweka juu ya jiwe.

Harufu ya mayai viza ikakatika.

Ikakatika ghafla. Badala yake ikaja harufu ya mvua juu ya udongo mkavu, na hapakuwa na wingu hata moja...

Chwa... chwa... Mtu anatembea majini. Nyuma yake.

"Nina kiu," sauti ya mwanamke ikanong'ona.

Mpima Maji hakugeuka. "Haya hayafai, mama. Yana sumu."

"Sumu yake naijua kuliko wewe. Humu ndimo nilimozaliwa."

Nywele zikamsimama.

"Hayo ya kwenye jiwe ni matamu." Sasa sauti ilikuwa sikioni kabisa, na pumzi yake ya baridi. "Sitayanywa. Nipe pa kulala tu."

Na yeye, Mungu amsamehe, alichotaka ni kuondoka pale amuwahi mwanawe. Angeombwa hata shati alilovaa, angelivua.

"Lala basi, mama. Niache niende."

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Chupa ilikuwa palepale juu ya jiwe, imefungwa kizibo.

Yeye hakuifunga.

Alifika maabara akakuta mlango umefungwa. Mlinzi akamwambia arudi asubuhi. Aligonga, akabembeleza, akapiga simu zisizopokelewa, akaishia kurudi nyumbani na boksi lake.

Mkewe alikuwa kitandani kwa mtoto, beseni mapajani.

"Vipi?"

"Wamefunga. Mpaka asubuhi."

"Asubuhi ipi, baba Kibibi? Huyu asubuhi ataiona?"

Aliweka boksi chini kando ya kitanda. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka kwa ukavu, macho yameingia ndani. Tangu jana hakuwa ametamka neno. Sasa akafumbua macho na kulitazama boksi.

"Baba... nipe yale matamu."

"Yapi hayo?" mama akauliza. Akafungua boksi mwenyewe, akaitoa ile chupa pekee yenye maji maangavu. "Si wewe uliyesema maji ya maabara ni safi kuliko yote? Umekaa nayo tu hapo! Unamwogopa bosi wako?"

"Siyo bosi. Mke wangu... humo mna kitu."

"Kitu gani?"

Angesemaje? Mama amebeba mtoto anayekata roho, wewe umwambie habari za sauti kijitoni? Alijua, msije mkamtetea kwamba hakujua. Alijua, na bado akaichukua ile chupa akaifungua kwa mkono wake. Harufu ya mvua ikajaa chumbani.

Kibibi akanywa yote. Wakangoja, beseni tayari.

Hakutapika.

Asubuhi mtoto aliomba chakula. Mama alicheka huku analia, akakimbia jikoni akigonga milango. Daktari alikuja, akampima, akatikisa kichwa. Tumbo huweza kutulia lenyewe, alisema, hasa likipata maji yasiyo na kitu chochote ndani. Alikuwa anajaribu kujiridhisha mwenyewe.

Alipoondoka, baba akasogea kitandani. Nywele za mtoto zilikuwa zinachuruzika maji. Mto ulikuwa mkavu.

"Kibibi. Unanijua?"

"Nakujua. Ulinipa pa kulala."

Baba akapiga magoti kando ya kitanda. "Mwanangu yuko wapi?"

"Kule nilikotoka."

"Mrudishe. Nakuomba... nakupigia magoti, mrudishe."

Mtoto akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha kuliko yote.

"Nikitoka, mwili huu utakataa maji tena. Atarudi kuja kufa mikononi mwa mama yake. Sema tu. Ukisema, natoka sasa hivi."

Alifungua kinywa. Neno lenyewe, toka, ni fupi, na kila mzazi hudhani angelisema bila kufikiri. Halikutoka.

Mlango ukafunguliwa, mama akaingia na sahani inayofuka moshi. Mtoto akanyoosha mikono miwili.

"Mama!"

"Abee, roho yangu! Baba Kibibi, hebu mwone anavyocheka!" Akamkumbatia, akambusu shavuni, kisha akageuka. "Na wewe je? Unalia nini siku kama hii?"

Alijifuta uso kwa kiganja.

"Furaha tu," akasema, akavuta kiti, akamshikia mkewe sahani ili amlishe mtoto.