Aliyechovya Mishumaa

Kila siku masomo yalipokwisha, Sumaiya na rafiki yake Shekinah waliteremka pamoja kutoka shuleni kwao, mtaa wa Observatory jijini Johannesburg, hadi mtaa wa Yeoville, walikokaa katika jengo moja. Njia nzima walipiga soga kwa Kiingereza. Nyumbani nako Sumaiya alikiendeleza hichohicho. Mama yake, Bi Mwanaasha, mwenyeji wa Tanga, alisema naye Kiswahili. Binti alisikia kila neno na kujibu Kiingereza. Walishazoeana hivyo, na chai ilinyweka bila matatizo.

Muhula huo Mwalimu Sithole aliwafundisha maisha ya Amerika zamani, ilipokuwa bado chini ya mfalme wa Uingereza. Aliwasimulia kuwa katika miji ya kaskazini, likitokea jambo kama barabara kuharibika au ng'ombe kuingia mashambani, wenyeji walikutana ukumbini, wakajadiliana na kupiga kura. Darasa zima liliona huo ni utaratibu mzuri. Ndipo mwalimu alipowauliza kama wanadhani kila mtu aliruhusiwa kusema. Haikuwa hivyo. Waliopiga kura ni wanaume wenye mali. Wanawake, watumishi, na Waafrika waliopelekwa huko utumwani hawakuhesabiwa, ingawa mara nyingi ndio waliopika, waliofuma nguo na kuchovya mishumaa iliyomulika nyumba za wakubwa.

Jumamosi ya wiki ile darasa lilitakiwa kuigiza mkutano wa namna hiyo mbele ya wazazi, na kila mwanafunzi alete kitu kilichotengenezwa kwa mikono kama zamani. Kusaidiwa hakukukatazwa. Sharti lilikuwa moja tu: aliyesaidiwa amtaje aliyemsaidia.

Sumaiya alichagua mishumaa, ambayo zamani ilitengenezwa kwa shahamu, mafuta ya mnyama, kwa sababu sikukuu ya Idi ya kuchinja ilikuwa imepita juzijuzi tu. Nyama ya kondoo wao ilikwisha kugawiwa majirani, lakini shahamu ilibaki kwenye friji, maana hakuna jirani anayebisha hodi kuomba shahamu. Bi Mwanaasha alicheka aliposikia inakwenda shuleni. Kisha akauliza kama wazazi nao wamealikwa.

"Hapana, ni wanafunzi tu," Sumaiya akajibu, macho yakiwa kwenye sufuria.

Huo ulikuwa uongo. Mwaka uliopita mama alikwenda shuleni kuchukua ripoti, akamsalimu mwalimu kwa Kiingereza alichokifanyia mazoezi njia nzima. Wavulana wawili wakamwigiza hadi mlangoni, na Sumaiya akajifanya hakusikia. Alimpenda mama yake, tena sana, na wakati huohuo alimwonea haya. Mambo hayo mawili yalimsumbua moyoni, wala hakujua ayafanyeje.

Jioni waliyeyusha shahamu kwa moto mdogo, wakaichuja kwa kitambaa na kuimimina kwenye kopo refu. Sumaiya akafunga nyuzi za pamba kwenye kijiti, akazichovya na kuziinua. Uzi ulitoka na mafuta membamba kama ganda la kitunguu. Mama akamweleza kwamba ndivyo kazi ilivyo: uchovye, utoe, ungoje upoe, uchovye tena. Sumaiya hakuwa na subira hiyo. Akaona auache uzi ndani ya mafuta ya moto, unenepe mara moja. Alipoutoa ulikuwa mtupu, kwa kuwa hata yale yaliyokwisha kuganda yaliyeyuka. Akajaribu tena vilevile, kwa ukaidi ule wa mtu anayejua kuwa amekosea. Mwishowe alitupa kijiti mezani, akaenda chumbani na simu yake.

Bi Mwanaasha alikichukua kijiti. Alifungua dirisha ili baridi ya Johannesburg igandishe mafuta upesi, akaweka ufagio juu ya viti viwili, akaendelea kuchovya huku akipika ugali. Asubuhi Sumaiya alikuta mishumaa imening'inia kwenye mpini wa ufagio, imenyooka, mmoja mnene kama mwenzake. Alimkumbatia mama na kukimbia shuleni kuikabidhi. Mwalimu Sithole aliigeuzageuza kwa mshangao na kumuuliza nani alimsaidia.

"Hakuna, Ma'am. Nimefanya peke yangu," alisema Sumaiya. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi.

Jumamosi ikafika. Ukumbini mapazia yalifungwa, mishumaa ikawashwa ndani ya sinia la mchanga, na harufu ya kondoo ikatanda hadi viti vya nyuma. Mwanafunzi mwenzao Glody aliigiza mwenye shamba kubwa aliyeongoza mkutano. Shekinah alikuwa mtumishi wake, amesimama ukutani. Waliposhindwa kukubaliana ng'ombe waliingiaje shambani, Shekinah alinyoosha mkono, kwa kuwa ndiye aliyewachunga. Glody akamwambia kwa sauti nzito kuwa watumishi hawasemi hapa. Watu wakacheka.

Wakati huo mlango ulifunguliwa, akaingia Bi Mwanaasha, kanga kichwani na koti la baba yake Sumaiya mabegani. Mama Shekinah ndiye aliyempa habari za mkutano, akamleta. Viti vilikuwa vimejaa. Bi Mwanaasha akasimama ukutani, karibu kabisa na Shekinah. Sumaiya aligeuza uso upande wa pili.

Maigizo yalipokwisha, mwalimu aliinua mshumaa mmoja. Akawaambia wazazi kuwa umetengenezwa na Sumaiya peke yake, bila kusaidiwa na yeyote, na akaomba apigiwe makofi. Bi Mwanaasha hakuwa mwepesi wa kusema Kiingereza, lakini kusikia alisikia. Alimtazama binti yake. Kisha akapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote, uso wake ukiwa na furaha ya kweli.

Laiti angenuna, labda Sumaiya angenyamaza. Makofi yale ndiyo aliyoshindwa kuyavumilia. Alisimama, machozi yakimlengalenga, akasema kwa Kiswahili, mbele za watu wote:

"Mama, nisamehe."

Halafu akamgeukia mwalimu na kueleza kila kitu: kwamba yeye alizichovya zile nyuzi kwa pupa akaziharibu, kwamba mama ndiye aliyeifanya kazi wakati yeye anachezea simu, na kwamba hata mwaliko alimficha. Mwalimu Sithole hakumkemea. Alimpelekea Bi Mwanaasha kiti chake mwenyewe na kumwomba awaeleze watoto jinsi ya kuchovya mshumaa.

"Nitasema kwa lugha yangu," alisema Bi Mwanaasha. "Mwanangu atawafasiria."

Akaeleza polepole, na Sumaiya akafasiri neno kwa neno, akiwa amesimama kando ya mama yake. Kwanza sauti ilimtetemeka, kisha ikatulia. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini mafuta yasiachwe yashike mara moja. Bi Mwanaasha akajibu kuwa mwenye pupa hupoteza hata alichokwisha kupata, na Sumaiya akafasiri hilo pia, ingawa lilimchoma. Wale wavulana wawili walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa.

Mwalimu Sithole akawaambia wanafunzi kwamba siku zile za Amerika watu wengi walifanya kazi, wengine wakasifiwa. "Kosa hilo halikubaki huko," alisema. "Linaweza kutokea nyumbani kwako, jikoni. Ukiona kitu kizuri, uliza nani alikifanya. Na ukimjua, mtaje."

Wakati wa kurudi, mama na binti waliongozana hadi kwenye robot, taa za kuongozea magari, wakangoja iwake ya kijani. Bi Mwanaasha aliushika mkono wa Sumaiya ndani ya mfuko wa lile koti.

"Sikudai sifa," alisema. "Lakini wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo umenipa yangu, na imenifurahisha. Uongo usiurudie. Na Jumamosi ijayo utachovya mwenyewe, nikikutazama."

"Nimesikia, mama," Sumaiya akajibu kwa Kiswahili. "Nitachovya polepole."

Taa ya kijani ikawaka, wakavuka.