Maji ya Shimo la Matofali

Kila asubuhi Mama Léonie alifunga bidoni mbili za manjano za kuchotea maji nyuma ya baiskeli, akazivuta kuona kama zimekaza, kisha akatoa amri ileile ya jana.

"Mputu, uende ku robine ya masomo. Mulongo ikiwa mulefu, ungoje. Usikamate mayi fasi ingine. Umesikia?"

"Ndiyo, mama mudogo."

Robine ya masomo lilikuwa bomba la maji karibu na shule, na kwa kuwa karibu mtaa mzima ulitegemea bomba hilo moja, mulongo, yaani foleni, haukukosekana. Mputu, mvulana wa miaka kumi na miwili, aliisukuma baiskeli akitembea kwa miguu. Hakujua kuipanda, na usimcheke, kwa maana kwao hakukuwa na mahali pa kuiendesha.

Alizaliwa katika Ziwa Kisale, juu ya kisiwa kinachoelea. Watu wa huko hukata mafunjo, huyalaza tabaka juu ya tabaka, kisha juu yake hujenga vibanda, hufuga kuku na kukausha samaki. Upepo ukivuma kwa nguvu, kisiwa huhama pamoja na wenyewe. Unaweza kulala jirani ya mtu unayempenda ukaamka jirani ya mtu mnayedaiana, na hakuna wa kumlalamikia.

Mwaka huo wa 1999 vita vilisogea. Askari walianza kupita ziwani wakichukua mitumbwi, na pamoja na mitumbwi walichukua vijana wa kupiga kasia. Baba yake Mputu hakungoja zamu ya mwanawe. Alimpeleka Bukama kwa maji, akampandisha garimoshi, na Mputu akapita Luena akiwa amekaa juu ya gunia la samaki wakavu mpaka Kamina, kwa Mama Léonie, mdogo wa mama yake. Mama Léonie alikuwa na mtoto mmoja tu, Fils, aliyekuwa ameanza kutembea. Siku ya kwanza Fils alimshika Mputu mguu akakataa kumwachia, na urafiki ukaanzia hapo.

Miguu ya Mputu ilichelewa kuizoea ardhi. Alitembea amekunja magoti, akingoja udongo uyumbe. Sifa, binti wa jirani yao Yakubu, muuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka Maniema, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mputu, unatembeaka sawa bata! Hapa udongo haikimbiake!"

"Minyi najua," alijibu Mputu. Hakujua.

Mji wenyewe ulimshinda. Barabara zilikuwa pana kuliko mto, zimenyooka, na nyumba zilikaa mahali pake siku zote. Watu walikuwa na uhakika nazo kiasi cha kupanda maua mbele ya mlango. Mputu aliwaza jinsi mtu anavyoweza kupanda ua leo akijua kwamba mwakani litakuwa palepale, na wazo hilo lilimpa furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Alitaka kuuona mji wote. Lakini foleni ya bomba ilikula asubuhi yake nzima, na baada ya chakula ilimbidi kumtunza Fils wakati mama yake akienda kuuza unga sokoni.

Tena maji yenyewe ya bomba hakuyapenda. Yalinuka dawa. Bibi yake kule ziwani alikuwa amemfundisha kuchota maji pale wanapocheza samaki wadogo, kwa sababu maji yenye samaki ni maji hai, na maji yasiyo na kitu ndani yake yamekufa. Watu wote wa visiwani huchota hivyo. Mputu aliyatazama maji ya bomba, akaona hayana hata dagaa mmoja, akayahurumia.

Asubuhi moja alipita njia ya nyuma, mahali watu walipokuwa wakichimba udongo wa kufyatua matofali. Mvua zilikuwa zimelijaza shimo kubwa la zamani. Maji yake yalikuwa maangavu, mayungiyungi yametandaza majani juu, na chini ya majani samaki wadogo walikwenda na kurudi. Mputu alisimama kama aliyekutana na ndugu. Hapakuwa na foleni wala mtu wa kumsukuma. Alijaza bidoni zake, akazificha majanini pamoja na baiskeli, akainua kichwa. Asubuhi nzima ilikuwa yake.

Siku hiyo alikwenda stesheni. Reli alizoziona zilikuwa nyingi, zikitengana na kukutana kama vidole vya mkono. Alimwona mwanamume mwembamba akiinamia chuma kilichosimama kando ya reli, akakisukuma kwa nguvu zake zote, na garimoshi zima lililokuwa linakuja, na mabehewa yake na askari waliokaa juu ya paa, likageuka likafuata njia nyingine. Mputu alifunika mdomo kwa mkono. Kwao hata wanaume kumi hawawezi kukigeuza kisiwa kikiamua kwenda.

Siku nyingine alikwenda sokoni, akaona vitambaa vya Yakubu vimetundikwa rangi juu ya rangi. Akasikia adhana ikitolewa upande huu na kwaya ikifanya mazoezi upande ule, wala hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Akawasikia wake za askari wakibishana bei kwa Kilingala, akina mama wa mjini wakiwajibu kwa Kiluba, na biashara ikafanyika vilevile. Juu ndege ya jeshi ikapita chini sana na watu wote wakanyamaza, kisha wakaendelea. Mputu aliogopa, akashangaa, akataka kuona zaidi. Alihisi amepewa kitu kikubwa ambacho mikono yake haitoshi kukishika.

"Unachelewa wapi vile?" aliuliza Mama Léonie.

"Mulongo ilikuwa mulefu, mama mudogo."

"Pole, mwanangu."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mputu aliiona ndefu, tena imejaa mambo ya kutazama, ndiyo maana hakutaka iishe. Haukupita muda watoto wengine wa mtaa wakamwona akitoka shimoni. Nao walichoshwa na foleni. Wakaanza kuchota kule, na kwao nao wakasema mulongo ilikuwa mulefu.

Kisha Fils akaugua.

Alianza kuharisha alfajiri, maji matupu kama yaliyooshewa mchele. Jua lilipopanda, macho yake yalikuwa yameingia ndani na hakuwa tena na machozi ya kulilia. Mama Léonie alimfunga mgongoni akakimbia. Mputu alimfuata nyuma mpaka kituo cha afya, na njia nzima alikuwa akiona mguu mdogo wa Fils ukining'inia bila kutikisika hata kidole.

Mwuguzi Albert, mtu mfupi mwenye sauti ya haraka, alimlaza Fils mkekani, kwa maana vitanda vilikwisha. Alimtundikia dawa ya maji mkononi, akampa Mama Léonie kikombe cha maji yenye chumvi na sukari amnyweshe kijiko kwa kijiko. Watoto wa mtaa wao walikuwa wamelala pale mmoja kando ya mwingine. Mputu aliwatambua. Wawili kati yao walikuwa wadogo wa wale waliomfuata shimoni.

"Ni kolera," alisema Albert, akimaanisha kipindupindu. "Mama, mayi ya kunywa munatosha wapi, munachota wapi?"

"Ku robine ya masomo. Siku yote, munganga. Huyu mutoto wangu njo anaendaka."

Albert aligonga kalamu kwenye kiganja. "Bote banajibu vile. Basi ile robine imeharibika. Leo tutaifunga."

Wanawake waliokuwa wakiwapepea watoto wao waligeuka kwa pamoja. "Ukiifunga, tutakunywa wapi, munganga? Hakuna ingine!"

"Siyue. Lakini siwezi kuacha bantu banywe kifo."

Mputu alisimama karibu na mlango. Wangelifunga bomba zuri, na watu wote wangekwenda wapi kama si shimoni? Lakini akisema, Mama Léonie atamrudisha ziwani. Nani angemweka nyumbani mtoto aliyemletea mwanawe ugonjwa? Na kule ziwani askari walikuwa bado wanatafuta wavulana wa kupiga kasia. Alifikiri juu ya mji huu ambao hajaumaliza hata robo. Akamtazama Fils. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kidogo sana, na kila kiliposhuka Mputu alingoja kwa hofu kuona kama kitapanda tena.

"Haiko robine," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Albert alikuwa tayari ameshika mlango.

"Haiko robine!" Mputu alisema kwa nguvu, na machozi yakamtoka. "Ni minyi. Nilitosha mayi ku shimo ya matofali. Nilisema bongo, nilidanganya. Sikukuwaka ku mulongo, nilikuwa natembea, naangalia muji. Na batoto bengine banachota kule vilevile."

Mama Léonie aliinuka na mkono wake ukainuka naye. Mputu hakukimbia. Mkono ulibaki juu, kisha ukashuka, na Mama Léonie akaketi tena karibu na Fils, akampa Mputu mgongo. Hilo lilimwuma Mputu kuliko kofi.

"Twende unionyeshe," alisema Albert.

Walipofika shimoni, Mputu alionyesha samaki kwa kidole, kama mtu anayejitetea. "Bibi alisema mayi yenye samaki ni muzuri."

Albert hakumcheka. Alimgeuza kwa mabega atazame juu ya mteremko. Kule kulikuwa na vibanda vya watu waliokimbia vita, vimebanana, na nyuma ya vibanda kulikuwa na vyoo vifupi vilivyochimbwa kwa haraka. Mvua ilikuwa imechora njia kutoka kule hadi shimoni.

"Samaki anaweza kuishi mu mayi yenye kuua mutoto," alisema Albert. "Bibi yako hakukudanganya, alisema yenye alijua. Lakini kule kwenu, mvua ikinyesha, bantu habakufake na tumbo?"

Mputu alikumbuka mdogo wake wa kike, aliyekufa kisiwani majira ya mvua baada ya kuharisha siku moja tu. Watu walisema ni upepo mbaya. Alilia pale pale ukingoni, kwa sauti, na Albert akamwacha alie.

Kisha Mputu akaona jambo kubwa kuliko yote aliyoyaona Kamina.

Waliporudi, Albert alimweleza Yakubu dukani kwake sokoni. Yakubu alifunga duka akaenda msikitini. Mwanamke mmoja alikimbilia kwa mchungaji. Kijana mmoja akapanda baiskeli na kipaza sauti, akapita mtaa hadi mtaa. "Shimo ya matofali, musichote! Mayi yake iko na kolera! Chemsheni mayi! Naweni mikono na sabuni!" Kengele ya kanisa ikalia ingawa haikuwa siku ya ibada. Msikitini maneno yaleyale yakatoka juu ya mnara. Mbali zaidi, upande wa familia za askari, mtu akalitoa tangazo kwa Kilingala, na kando ya reli mwingine akalisema kwa Kiluba. Wanawake walisimama mbele ya nyumba zao wakamwaga bidoni barabarani. Wanaume wakaja na matawi ya miiba kuziba njia ya shimo, wengine na majembe kusaidia watu wa vibandani kuchimba vyoo vipya mbali na maji.

Mputu alisimama katikati ya barabara ile pana, ngozi imemsisimka. Maneno yale yalikuwa yake. Yalikuwa yametoka kinywani mwake kwa shida, na sasa mji mzima ulikuwa unayabeba.

Bomba la shule halikufungwa. Siku ile na kesho yake bado walikuja wagonjwa wachache, kisha wakapungua.

Kesho yake mchana Fils alilia. Kilikuwa kilio kibaya cha hasira, chenye machozi ya kweli, na wanawake wote chumbani wakapiga vigelegele. Mputu alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, hathubutu kuingia. Mama Léonie akatoka na mtoto mikononi, macho yake mekundu kwa kukesha.

"Mama mudogo," alisema Mputu, akiinama, "utanirudisha lini?"

"Nikurudishe wapi?"

"Ku ziwa."

Mama Léonie aliketi karibu naye. "Nilikasirika, Mputu. Hata sasa niko na kasirani, sitakuficha. Ulinidanganya siku nyingi, na mutoto wangu karibu kufa. Ungeniambia unataka kuona muji, minyi mwenyewe ningekutembeza." Akajifuta uso. "Lakini sikiliza. Mayi haisemake kwenye imetoka. Inaweza kuangaa, iwe na samaki, iwe na maua, na bado iko inaua. Munganga anaweza kuwa na dawa yote, lakini muntu mwenye alichota njo anajua. Akinyamaza, bote banakufa. Jana ulikuwa na woga na ulisema. Kwa ile, Fils iko hapa, na batoto ya bantu bengine biko hapa."

Akamwekea Fils mikononi.

"Shika mudogo wako. Minyi nilale kidogo."

Mama Léonie alijinyoosha ukutani na usingizi ukamchukua pale pale. Mputu alikaa bila kujitikisa. Fils alikuwa mwepesi, lakini alikuwa na joto, na alimshika Mputu shati kwa ngumi yake yote.